Wilfrid Blunt: Mwingereza aliyemdhamini Waziri Mkuu, akalipa yeye

Katika mila zetu za pwani, mtu hasimami dhamana ya mwenziwe kwa mzaha. Mwenye duka akikubali kutoa bidhaa kwa mkopo kwa kuwa mzee fulani amesimama nyuma ya mnunuzi, basi mzee yule ajue kwamba siku ya kulipa ikifika na mdaiwa akajificha, mlango utakaobishwa ni wake. Ndivyo masheikh wetu walivyotufundisha katika sharia, na ndivyo tulivyowaona wazazi wetu wakifanya.

Leo, msomaji mpenzi, tunayaeleza maisha ya mtu aliyesimama dhamana, lakini si ya fedha. Alidhamini maneno ya mkubwa wa serikali. Mkubwa yule akageuka, akapeleka manowari na majeshi juu ya watu aliokuwa amewaahidi wema, na mdhamini akabaki na deni mkononi. Mtu huyo ni Wilfrid Scawen Blunt, Mwingereza, mshairi na mfugaji wa farasi, aliyeishi baina ya mwaka 1840 na 1922.

KIJANA WA KITAJIRI

Blunt alizaliwa tarehe 17 Agosti 1840 huko Sussex, kusini mwa Uingereza, katika ukoo wa wenye mashamba makubwa. Alifiwa na baba angali mtoto mchanga, na mama naye akafariki kabla yeye hajabaleghe. Alipotimia miaka 18 aliingia kazi ya ubalozi, akatumikia katika miji mingi ikiwemo Athens, Istanbul, Madrid, Paris na Buenos Aires. Hata hivyo, kazi ya kuinamia karatasi za serikali haikumkaa moyoni. Mwaka 1869 aliiacha, na mwaka huo huo akamwoa Lady Anne Noel, mjukuu wa mshairi mashuhuri Lord Byron.

Bibi huyu hakuwa mtu wa kukaa ndani akisubiri wageni. Alikijua Kiarabu vizuri kuliko mumewe, na alipanda farasi kama Mbedui. Wawili hao walisafiri pamoja katika nchi za mto Furati, na baadaye, baina ya 1878 na 1879, wakavuka jangwa hadi Hail katika Najd, kwa Amiri Muhammad ibn Rashid. Safari hizo zilitoa vitabu viwili vilivyotoka kwa jina la Lady Anne. Zilitoa pia farasi wa Kiarabu waliopelekwa katika shamba lao la Crabbet, ambao kizazi chao kimeenea duniani hata leo.

Kilichombadilisha Blunt zaidi ya farasi ni watu. Alikwenda Uarabuni kwa kupenda safari, akarudi akiwapenda wenyewe. Alipofika Kairo alijitafutia mwalimu kutoka Al-Azhar, na kwa njia ya mwalimu huyo, mwanzoni mwa mwaka 1881, akajuana na sheikh kijana aliyekuwa akijenga fikra mpya za kuuhuisha Uislamu. Sheikh huyo ni Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu. Urafiki wao haukukatika hadi Sheikh Abduh alipofariki mwaka 1905. Kwa mafunzo aliyoyapata, Blunt aliandika kitabu juu ya mustakabali wa Uislamu, kilichotoka mwaka 1882, akiwaeleza Wazungu wenziwe kwamba dini hii haikuwa maiti inayongoja kuzikwa kama walivyodhani.

NCHI ILIYOZAMA KATIKA DENI

Ili tufahamu yaliyompata Blunt, hatuna budi kuitazama Misri ya zama zile. Mtawala wake, Khedive Ismail, alikuwa mtu mwenye tamaa kubwa. Sisi wa pwani tunayo sababu ya kumkumbuka, kwani mwaka 1875 alituma majeshi yake kwa merikebu hadi Kismayu na Barawa, katika milki ya Sultani wa Unguja, nayo yakaondoka kwa kushurutishwa na Waingereza. Ismail alichimba mifereji, akajenga reli na majumba, akaufungua Mfereji wa Suez mwaka 1869 kwa sherehe iliyostaajabisha walimwengu. Fedha zote hizo aliazima Ulaya. Deni likapanda hadi kukaribia pauni milioni 100.

Mwaka 1875 aliuza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 4, na bado hazikutosha. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikaweka wasimamizi wao juu ya hazina ya Misri. Mwaka 1879 Ismail akauzuliwa, akawekwa mwanawe Tawfiq. Kuanzia hapo mkulima wa Misri alilimia wenye hati za mkopo walioko London na Paris. Kodi yake ilivuka bahari kabla yeye hajanunua nguo ya Idi ya wanawe.

Ndipo akatokea kanali mmoja, Ahmed Urabi, mtoto wa sheikh wa kijiji, aliyepata kusoma kidogo Al-Azhar. Tarehe 9 Septemba 1881 alisimama na askari wake mbele ya kasri ya Abdin, akamtaka Khedive awaondoe mawaziri wake, aite baraza la wawakilishi, na aongeze idadi ya askari. Khedive alikubali. Watu wa Misri, Waislamu na Wakibti, walifurahi, wakaona mlango umefunguka.

MANENO MATAMU YA GLADSTONE

Wakati huo Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa William Gladstone, mzee wa kanisa, msomi, na msemaji aliyeweza kuwashika wasikilizaji kwa saa nzima na zaidi. Alipata madaraka mwaka 1880 baada ya kuzunguka Midlothian huko Scotland akiishutumu serikali iliyomtangulia kwa vita vyake. Aliwaambia watu kwamba damu ya Waafghani katika vijiji vyao vya milimani ina thamani mbele ya Mungu sawa na damu ya Waingereza, na kwamba Wazulu waliuawa kwa kosa la kuitetea nchi yao tu. Watu walilia waliposikia. Wakampigia kura.

Blunt aliyaamini maneno hayo. Alipokutana na Urabi mwezi wa Desemba 1881, na kumwona kuwa ni mtu mnyofu asiyetaka ila haki kwa nchi yake, alimwambia kuwa Gladstone hawezi kuwa adui wa watu wanaodai baraza na sheria. Akakaa na Sheikh Muhammad Abduh na wenzake, wakaandika kwa pamoja madai ya chama chao cha taifa. Waraka ule haukuwa na ukali wowote. Ulikubali hata kwamba madeni yalipwe. Blunt aliupeleka kwa Gladstone mwenyewe, nalo gazeti la The Times la London likauchapisha mwanzoni mwa Januari 1882.

Siku chache baadaye ikaja barua ya pamoja ya Uingereza na Ufaransa, ya kumuunga mkono Khedive na kuwatisha wengine wote. Mjumbe wa Uingereza mjini Kairo, Edward Malet, alimtuma Blunt kwa Urabi akamfasirie barua ile kwa uso mwema. Blunt alikwenda. Hapa ndipo mtu mwenye busara anapoanza kuona hatari. Serikali ilikuwa imempata mtu anayeaminiwa, nayo ilimtumia kama jamvi la wageni, ikamkalia.

Mwezi wa Machi alirudi London, akapokewa na Gladstone mwenyewe. Mzee alimsikiliza kwa upole, akaonyesha kuwahurumia Wamisri. Blunt alitoka mle ndani na moyo mweupe, akawapelekea habari rafiki zake wa Kairo kuwa wasiwe na hofu, Waziri Mkuu yu pamoja nao. Ile ndiyo dhamana. Hakutia sahihi karatasi yoyote, lakini Urabi na Abduh walimjua yeye, hawakumjua Gladstone. Walikopesha imani yao kwa jina la Blunt.

MIZINGA YA ISKANDARIA

Mambo yalikwenda mbio. Manowari za Uingereza na Ufaransa zilitia nanga Iskandaria. Tarehe 11 Juni 1882 fujo zikazuka mjini humo, Wazungu wapatao 50 wakauawa, na wenyeji wengi pia. Magazeti ya London yakamtwika Urabi damu yote. Wamisri walipoanza kuimarisha ngome zao za ufukweni, kama afanyavyo mtu yeyote anayeona merikebu za vita mlangoni kwake, jambo hilo likahesabiwa kuwa ni uchokozi. Wafaransa hawakutaka kushiriki, wakang'oa nanga. Tarehe 11 Julai, asubuhi, Admeri Seymour akafyatua mizinga. Siku nzima Iskandaria ilipigwa, kisha moto ukaula mji.

Serikali ile ile iliyochaguliwa kwa kuvilaani vita ikasema Bungeni kwamba haiko vitani na Misri. Ilidai inarudisha amani tu. John Bright, waziri katika baraza la Gladstone, mtu wa dhehebu la Quaker lisiloamini vita, hakuweza kuumeza uongo huo, akajiuzulu. Ni yeye peke yake. Wengine walikaa vitini mwao.

Mwezi wa Agosti Jenerali Wolseley aliteremka na askari zaidi ya 20,000, wakiwemo waliotolewa Bara Hindi. Tarehe 13 Septemba, kabla ya jua kuchomoza, waliishambulia kambi ya Wamisri huko Tel el-Kebir. Vita havikuchukua muda mrefu. Waingereza walipoteza watu 57, na Wamisri wapatao 2,000. Urabi akajisalimisha Kairo.

Je, Gladstone alikuwa mnafiki tangu mwanzo? Wanahistoria wamepekua karatasi zake, wakakuta kwamba mwaka ule wa 1882 zaidi ya theluthi ya mali aliyoiweka katika hati za mikopo ilikuwa katika mkopo unaolipwa kwa mapato ya Misri. Baada ya nchi kukaliwa, bei ya hati hizo ilipanda. Hakuna awezaye kusema kwa yakini kuwa alipiga vita kwa ajili ya mfuko wake. Yawezekana alijiamini kuwa yu katika haki. Lakini hilo ndilo la kutisha. Mnafiki anayejijua huweza siku moja kuona haya, ama yule aliyekwisha kujidanganya mwenyewe, nani atamwonya?

MDHAMINI ALIPA

Angekuwa mtu mwingine, angenyamaza. Angesema: mimi nilidanganywa kama walivyodanganywa wengine, yaliyopita si ndwele. Tena kunyamaza kungemfaa, maana Uingereza nzima ilikuwa ikishangilia ushindi, na Mwingereza aliyemtetea Urabi alionekana msaliti.

Blunt hakunyamaza. Khedive na washauri wake walitaka Urabi ahukumiwe harakaharaka na kuuawa, na wakubwa wa London hawakuonyesha haraka ya kumwokoa. Blunt akaajiri wakili wa Kiingereza, A. M. Broadley, akampeleka Kairo, akaandika magazetini, akawasumbua mawaziri hadi kesi ikawa haiwezi kufanywa gizani. Gharama ilifika kiasi cha pauni 3,000, fedha nyingi mno kwa zama zile, na sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwake. Desemba 1882 Urabi alikiri kosa la uasi kwa mapatano, akahukumiwa kifo, na papo hapo hukumu ikabadilishwa kuwa uhamisho. Alipelekwa na wenzake kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, akakaa huko hadi mwaka 1901. Alifia nchini mwake mwaka 1911. Sheikh Muhammad Abduh naye alifukuzwa nchini, akarejea mwaka 1888.

Kwa hivyo kichwa cha Urabi kilisalimika. Deni la nchi nzima, lakini, Blunt hakuweza kulilipa, naye alilijua hilo. Mwaka 1883 alichapisha shairi refu la kuihukumu nchi yake kwa yale iliyoyatenda Misri. Wakubwa wakampiga marufuku kuingia Misri kwa miaka kadhaa, ingawa alikwisha kununua shamba la miti karibu na Kairo, mahali paitwapo Sheikh Obeid. Aliporuhusiwa kurudi, aliishi humo kila msimu wa baridi, akivaa kanzu na kula na majirani. Sheikh Abduh alijenga nyumba yake katika shamba hilo, wakawa majirani.

HAKUCHAGUA WA KUMTETEA

Wako watu hupinga dhuluma inayofanywa na adui wao tu. Blunt hakuwa hivyo. Vita vilipohamia Sudani, na Mahdi akaizingira Khartoum alimokuwa Jenerali Gordon, Blunt alijitolea kuwa mpatanishi. Serikali ilimkatalia. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, Gordon akauawa, na damu nyingi ikamwagika kabla na baada yake. Mwaka huo huo alimkaribisha nyumbani kwake London Sayyid Jamaluddin al-Afghani, aliyekuwa akiwindwa na majasusi wa nchi kadhaa.

Kisha aligeukia Ireland, ambako wakulima wa Kikatoliki walikuwa wakitolewa majumbani kwa nguvu. Mwaka 1887 alihutubia mkutano uliopigwa marufuku huko Woodford, akakamatwa, na mwanzoni mwa 1888 akafungwa miezi miwili gerezani kama mhalifu wa kawaida, yeye bwana wa mashamba. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huo Gladstone alikuwa amegeuka kuwatetea Wairishi, na Blunt aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Gladstone. Aliyempinga mzee yule katika batili alimfuata katika haki. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na ugomvi na uongo. Kura hakuzipata, si mara hiyo wala nyingine.

Mwaka 1906 maofisa wa Kiingereza walikwenda kuwinda njiwa wa wanakijiji huko Denshawai, ugomvi ukatokea, na ofisa mmoja akafa. Mahakama maalumu iliamuru wanakijiji wanne wanyongwe na wengine wapigwe viboko, palepale kijijini, mbele ya jamaa zao. Blunt, akiwa na miaka 66, alitoa kijitabu kuianika hukumu hiyo. Mwaka uliofuata Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa zaidi ya miaka 20 bila ya kuitwa mtawala, alijiuzulu, na Blunt akatoa kitabu chake kikubwa juu ya siri za kukaliwa kwa Misri. Ndani yake aliweka barua na mazungumzo yote ya mwaka 1882, pamoja na makosa yake mwenyewe. Hakujificha nyuma ya mlango.

ILA ZAKE

Si haki kumfanya mtu malaika. Blunt alikuwa na ila, na nyingine kubwa. Alikuwa mtu wa wanawake, na Lady Anne, mwenzi wake wa jangwani, alivumilia hadi mwaka 1906, wakaachana. Bibi huyo alifariki Kairo mwaka 1917. Baada yake baba na binti walifikishana mahakamani juu ya farasi wa Crabbet. Mtu aliyeweza kuona dhuluma iliyoko Misri hakuiona iliyoko sebuleni kwake. Nalo hilo ni funzo.

Juu ya dini, hakusilimu kwa dhahiri, na ya moyoni ayajuaye ni Mwenyezi Mungu. Alifariki tarehe 10 Septemba 1922, akazikwa msituni katika ardhi yake huko Sussex, bila padri, amefunikwa zulia la safari zake za mashariki. Mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kuwa Misri ni nchi huru, lakini askari wake hawakuondoka. Serikali ya Gladstone ilikuwa imesema mwaka 1882 kuwa itaondoka upesi iwezekanavyo. Askari wa mwisho aliondoka mwezi wa Juni 1956. Upesi ule ulikuwa wa miaka 74.

SISI NA BLUNT

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi wa Mombasa, Lamu na Malindi? Yatuhusu. Sir Arthur Hardinge, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa himaya ya Waingereza katika pwani hii mwaka 1895, alipata kufanya kazi Kairo chini ya Cromer kabla ya kuletwa kwetu. Mwaka 1896 kasri ya Unguja ilipigwa kwa mizinga ya manowari kama ngome za Iskandaria, kazi ikaisha kwa muda usiozidi saa moja.

Na lililo jema nalo lilitufikia. Fikra za Sheikh Muhammad Abduh, zilizoenezwa na jarida la Al-Manar la mwanafunzi wake Rashid Rida, zilifika Mombasa na kumwathiri Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Kwa hivyo wale waliokaa na Blunt kuandika madai ya Wamisri si wageni katika nyumba yetu.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Wakubwa wa dunia hutoa ahadi za amani wakati wa kuomba kura, na wakishakaa kitini hupata jina jingine la vita. Hilo halikuanza na Gladstone wala halikufa naye. Ila kila mara mkubwa atakapotaka kuaminiwa atatafuta mtu mwema asimame mbele yake, mtu ambaye watu wamezoea kumpa mkono. Huyo ndiye apaswaye kujiuliza kabla ya kufungua kinywa kama anayo nguvu ya kulipa. Blunt hakujiuliza mapema, na Wamisri wakapata hasara. Lakini siku mlango wake ulipobishwa, alifungua.